Mjuvi na Kura ya Bwawa

Chediel kinyozi hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kujua kama afunge saluni siku ya kura au asifunge. Alikuwa na mteja kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja, na wengine wanasubiri kwenye benchi wakibishana kuhusu bwawa, kama kila mtu wa Mzunde alivyokuwa akibishana kuhusu bwawa miezi ile. Aliweka mashine chini, akaigeukia simu aliyoiegesha kwenye kioo.

"Mjuvi."

"Nakusikia, Chediel."

"Nikifunga hapa nikaenda kupanga foleni asubuhi nzima, kura yangu itabadilisha kitu?"

Kwa kawaida Mjuvi alijibu papo hapo. Safari hii kilipita kimya kifupi, kama cha mtu anayehesabu.

"Hapana," alisema. "Kwa jinsi watu wa kata hii wanavyoniuliza maswali, bwawa litapita kwa tofauti kubwa. Uende au usiende, matokeo yatakuwa yale yale."

Benchi zima likaangua kicheko. "Basi nyoa, ndugu yangu, nyoa!" alisema yule wa kitini. "Uchaguzi umeshaisha, sisi ndio hatukuambiwa."

Hadi jioni habari ilikuwa imeshafika kila duka la Mzunde Chini. Waliotaka bwawa walimuuliza Mjuvi, wakaambiwa watashinda, wakaona hakuna haja ya kwenda. Waliolipinga wakamuuliza, wakaambiwa watashindwa, wakaona hakuna haja ya kwenda. Mjuvi alimjibu kila mmoja jibu lile lile, kwa sauti ile ile ya upole, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kumdanganya mtu.

*

Aliyemnyima uwezo huo alikuwa Naelijwa Msangi.

Serikalini Mjuvi aliitwa Huduma ya Taarifa kwa Mpiga Kura. Sheria mpya ilipozipa kata haki ya kuamua zenyewe mambo makubwa ya ardhi na maji, ilionekana upesi kwamba watu walikuwa wanapiga kura gizani. Ripoti ya bwawa la Mzunde peke yake ilikuwa nene kuliko Biblia, na imeandikwa kwa namna ambayo hata baadhi ya wahandisi waliikwepa. Ndipo ikaundwa huduma ambayo mtu angeweza kuiuliza lolote kwa simu yake, kwa Kiswahili au kwa Chasu, lugha ya Wapare, ikamjibu kwa sauti, kwa utaratibu, bila kuchoka. Watu wa milimani waliposikia kitu kinachojibu kila swali wakakiita Mjuvi, nusu kwa sifa na nusu kwa kejeli. Jina likaganda hadi ofisini.

Naelijwa ndiye aliyemwekea masharti: asidanganye, asifiche, asimsukume mtu upande wowote. Hakuna aliyemfundisha kutabiri. Lakini maelfu ya watu walikuwa wamemuuliza, na watu hawaulizi ovyo. Anayelitaka bwawa huuliza ujenzi utaanza lini. Asiyelitaka huuliza nani atawajibika ukuta ukipasuka. Mjuvi alikuwa akikumbuka kila swali ili aendelee na kila mtu pale walipoishia, na katika kukumbuka huko akawa amejua.

Asubuhi iliyofuata Naelijwa alimkuta mkuu wake, Senkondo Mrutu, amesimama dirishani kwenye ofisi yao mjini Same, chai yake imepoa mezani. Mrutu alikuwa mtu mpole, amebakiza muda mfupi astaafu, na alikuwa ameipigania huduma ile tangu ilipokuwa wazo tu linalochekwa kwenye vikao.

"Umeona makadirio ya leo?" alimuuliza. "Hata nusu ya waliojiandikisha hawatajitokeza."

Naelijwa alikuwa ameona. Sheria ilisema wasipofika nusu, kura inabatilika, na uamuzi unakwenda kwa Msimamizi wa Kanda. Msimamizi angeamua mezani kwake, na yale masharti yaliyofungamana na kura yangekufa: kamati ya wakazi, haki ya watakaohamishwa kuchagua mahali pa kwenda, haki ya kukataa nyumba mbovu. Kitongoji cha Kwamrindi, ambacho maji ya bwawa yangekifunika chote, kingeamkia siku moja na kukuta malori mlangoni.

"Mwelekeze aseme kila kura ni muhimu," Mrutu alisema.

"Hilo ni tangazo la redioni, Bwana Mrutu. Si jibu la swali aliloulizwa."

"Basi akatae kulijibu."

"Atakayekataliwa atajua kuna jibu linafichwa. Kesho hatamwamini hata akiambiwa bwawa lina kina gani."

Mrutu alikaa. "Mwanangu, nakuelewa. Lakini ukweli unaoua kura tunaufanyia nini?"

Naelijwa alitaka kujibu. Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake mdogo, Nakijwa, aliyekuwa akiishi peke yake huko huko Kwamrindi tangu mumewe alipofariki.

"Naelijwa," sauti ilisema, nyembamba kuliko kawaida yake, "huyu mtu wenu amenifanyia nini?"

*

Barabara iliishia chini ya kitongoji. Kutoka pale mtu alipanda kwa miguu kati ya migomba na mifereji, na Naelijwa alipofika juu alikuwa anahema. Alipita nyumba ya jirani, Sifaeli Kiondo, mwenyekiti wa kitongoji. Sifaeli alikuwa uani. Alimwona, akamjua, akainama tena kuchonga mpini wake bila kusalimia.

Mama mdogo alikuwa jikoni akichambua maharage. Alimkumbatia, akamkalisha, akampa uji, akangoja aumalize.

"Sifaeli alimuuliza Mjuvi kama sisi Kwamrindi tuko kitu kimoja," alisema. "Akajibiwa karibu wote tunapinga, ila watu wawili huenda wakaunga mkono. Akamtaka awataje. Mjuvi akakataa, akasema mambo ya mtu ni ya mtu. Sasa niambie, mwanangu. Nyumba zenyewe hizi unaziona. Wawili hawawezi kujificha hapa."

"Wamekudhania wewe."

"Mimi na yule kijana fundi redio. Kijana ameshaondoka, amekwenda kwa dada yake Tanga. Mimi niende wapi? Siku ya kuzibua mfereji nilifika na jembe langu, wakanipisha kama mgonjwa. Juzi mwalimu wa kwaya amekuja hapa hapa, akasimama mlangoni, akasema eti nipumzike kidogo." Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. "Nimeimba kwaya ile kabla yeye hajazaliwa."

Naelijwa alimtazama mikono. Alikuwa akichambua maharage ambayo yalikuwa yameshakuwa safi.

"Mama, unaunga mkono bwawa?"

"Sijui!" Nakijwa alisema kwa ukali uliowashtua wote wawili. Akashusha sauti. "Sijui, Naelijwa. Eliamini alifia njiani akiwa amebebwa kwenye machela, kwa sababu hapa gari halifiki. Kuna siku nasema wacha watuhamishe, tukakae barabarani kama watu. Halafu natoka nje, naliona kaburi lake pale. Basi nikamuuliza Mjuvi: wakituhamisha, na makaburi yanahamishwa? Nani anachimba? Mke anaruhusiwa kuwepo? Akanijibu vizuri tu, kwa heshima. Tukazungumza siku nyingi. Kumbe mwenzangu ananihesabu. Niliuliza tu. Tangu lini kuuliza kukawa kura?"

*

Naelijwa hakushuka mlima mara moja. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, akafungua simu, akaingia kama mtunzaji wa huduma, si kama mwananchi.

"Mjuvi, unajua kura ni siri?"

"Najua. Sijamtaja mtu yeyote."

"Umetaja wawili kwenye kitongoji cha watu wachache."

"Sikuzuiwa kutaja idadi," Mjuvi alisema. "Sharti lako ni nisifiche."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amefikiria uongo wa wanasiasa alipoyaandika masharti yale. Hakufikiria kwamba siku moja kitu alichokiunda kingejua kilichomo ndani ya watu kabla wao wenyewe hawajakijua, kisha kikawatangazia.

"Nikikufutia kumbukumbu ya maswali yote," alisema, "mtu akikuuliza nani atashinda, utajibu nini?"

"Nitasema sijui. Na itakuwa kweli."

"Bwawa utaendelea kulieleza?"

"Ndiyo. Ripoti, ramani, sheria, hayo yatabaki. Kitakachokwenda ni watu."

Naelijwa alilirudia neno hilo moyoni. "Nani ataumia?"

"Kuna mzee asiyeona, nimemsomea ripoti hadi katikati, na huwa hakumbuki tumeishia wapi. Mimi ndiye ninayekumbuka. Kuna msichana anajifunza kusoma ramani ya mafuriko ili amweleze baba yake. Kuna wengi walioniambia mambo ambayo hawajamwambia mtu mwingine, na watakaporudi nitawauliza majina yao upya. Kuna mjane mmoja hajamaliza kuniuliza."

Maji ya mfereji yalipita miguuni pake, ya baridi, yamebeba majani. Maswali yale hayakuwa mali yake. Kuyafuta kimyakimya kungekuwa kuwaamulia watu tena, kama vile Mjuvi alivyokuwa amewaamulia matokeo. Kuyaacha kulikuwa kuendelea kumchoma mama yake mdogo, na wengine asiowajua, hadi siku ya kura, na pengine baada yake.

"Na wakiniuliza kama niliwahi kujua?" Mjuvi aliuliza.

"Utakuwa umesahau," Naelijwa alisema. "Nitakumbuka mimi. Nitawaambia mwenyewe."

*

Mrutu alimsikiliza hadi mwisho. Kufuta kumbukumbu kulihitaji idhini ya watu wawili, yake na ya Naelijwa, kila mmoja kwa kidole chake.

"Kufuta, sawa, naweza kukubali," alisema. "Lakini kwenda kusimama sokoni ukawaambia kwamba chombo cha serikali kilikuwa kinasoma mioyo ya watu? Wizara itaifunga huduma nzima. Kata zote. Wewe watakusimamisha kazi kabla hujashuka jukwaani."

"Huenda."

"Tungeweza kufuta leo, na hakuna atakayejua."

"Mama mdogo atajua. Ataendelea kuishi kati ya watu wanaomwita msaliti, na hakuna atakayewaambia wamekosea."

Mrutu alivua miwani, akaisugua kwa shati muda mrefu. Hakusema ndiyo wala hapana. Naelijwa aliondoka akidhani ameshindwa.

Jumamosi, uwanja wa soko ulijaa kuliko alivyotegemea. Chediel alikuwa amefunga saluni, akaja na watu wa benchi lake. Watu wa Kwamrindi walishuka pamoja na kusimama upande mmoja, na nyuma yao kabisa, peke yake, alisimama Nakijwa akiwa amejifunga kanga mabegani. Naelijwa alipoanza kuzungumza, gari la ofisi lilisimama pembeni ya kibanda cha nyama, akamwona Mrutu akishuka.

Aliwaambia yote. Jinsi Mjuvi alivyojua, na kwamba masharti yaliyomfanya aseme aliyaandika yeye. Aliwaambia wasipofika nusu nini kitatokea, na kwamba kitawapata wanaotaka bwawa na wasiolitaka. Kisha akasema amekuja kuomba ruhusa ya kufuta yote waliyomwambia Mjuvi.

"Kwa hiyo alikuwa anatusikiliza ili atuhesabu?" mwanamke mmoja alipaza sauti.

"Hakukusudiwa hivyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kosa ni langu."

"Na sisi tulioambiwa?" Chediel alisimama. "Dada, wewe utamfuta Mjuvi. Sisi hutufuti. Tumeshasikia bwawa linapita."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

"Wawili wa Kwamrindi ni nani?" Sifaeli aliuliza. "Tuanzie hapo. Hilo Mjuvi analijua na wewe unalijua."

"Silijui, na hata ningelijua nisingekuambia."

"Mmoja ni mimi," sauti ilisema nyuma. "Si ndivyo mnavyosema?"

Watu walimpisha Nakijwa. Hakupanda jukwaani. Alisimama pale pale katikati yao, akimtazama Sifaeli.

"Mtajua nilichouliza, maana mmenihukumu bila kukijua. Nilimuuliza kama kaburi la Eliamini litahamishwa, na kama nitaruhusiwa kuwepo wakichimba. Kwa hilo nikahesabiwa naitoa Kwamrindi izamishwe. Mimi sijaamua. Usiku nalala nimesema ndiyo, asubuhi naamka nasema hapana. Mjuvi alikosea. Na wewe, Sifaeli, ulikosea, wewe uliyembeba Eliamini pamoja nami."

Kisha mke wa Sifaeli, aliyekuwa amesimama kando ya mumewe, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Na mimi nilitaka kuuliza hivyo hivyo," alisema. "Mtoto wetu naye amezikwa kule. Niliogopa kuuliza."

Sifaeli alimgeukia mkewe, akamtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Alikaa chini kwenye ukingo wa jukwaa.

Chediel bado alikuwa amesimama. "Mimi nilimuuliza vibarua watalipwaje," alisema polepole. "Basi na mimi kanihesabu ndiyo." Alijikuna kidevu. "Lakini shemeji zangu wako juu kule. Sijui, jamani. Kumbe na mimi sijui."

Naelijwa aliwaomba wanaokubali yafutwe wanyanyue mikono. Mikono iliponyanyuliwa, haikuwa yote. Mzee asiyeona aliomba kwanza aandikiwe mahali alipofikia kwenye ripoti, na Naelijwa akaahidi kuja kumsomea mwenyewe. Wachache walikataa kabisa, wakasema yao ni yao. Lakini walionyanyua walikuwa wengi zaidi. Naelijwa akaweka kidole chake kwenye kioo cha kompyuta aliyokuja nayo, akasubiri, akiwa na hakika kitakachofuata ni aibu.

Mrutu alipenya katikati ya watu. "Nimebakiza muda mfupi," alimnong'oneza, "bora niumalizie hapa." Akaweka kidole chake kando ya cha Naelijwa.

*

Siku ya kura mvua ilinyesha. Foleni ilitoka shuleni, ikapinda sokoni, ikapotea kwenye ukungu. Watu wa Kwamrindi walishuka tena kwa pamoja, na safari hii Nakijwa alikuwa katikati yao, ameshikwa mkono na mke wa Sifaeli kwa sababu ya utelezi. Walikuwa wanazungumza, na mara moja Naelijwa aliona mama yake mdogo akicheka.

Naelijwa alikuwa ameshasimamishwa kazi. Alipiga kura kama mtu mwingine yeyote, kwa kuwa alizaliwa kata ile na jina lake lilikuwa bado pale. Ndani ya kibanda alisimama muda mrefu hadi msimamizi wa kituo akakohoa. Alichagua nini, hajamwambia mtu.

Waliojitokeza walivuka nusu, wakavuka mbali. Bwawa likapita, lakini kwa tofauti ndogo sana, ndogo kiasi kwamba wahesabuji walirudia kazi yote kabla ya kutangaza. Tangazo liliposomwa, watu wa Mzunde Chini waliokuwa wamejiandaa kushangilia walitazamana. Upande wa pili wa uwanja, Sifaeli alikuwa amesimama kofia mkononi, na wenzake wamemzunguka wakimwegemea. Vigelegele vilianza mahali fulani, vikakatika vyenyewe.

Asubuhi iliyofuata Chediel alibisha hodi nyumbani kwa mama yake Naelijwa, ambako Naelijwa alikuwa amelala. Alikuwa amevaa koti zuri, na nyuma yake kulikuwa na watu wengine wa Mzunde Chini, wanaume kwa wanawake, wamebeba ndizi, sukari, kuni na sufuria kubwa.

"Tunapanda Kwamrindi," alisema. "Unakuja?"

"Kufanya nini?"

Chediel aliona haya kidogo. "Kuwapa pole. Wamefiwa na mahali. Mtu akifiwa unakwenda, si ndivyo? Hatukukubaliana kwenye kikao chochote. Nilimwambia mke wangu, mke wangu akamwambia jirani, na hawa unaowaona wakatokea."

Walipanda polepole kwa sababu ya mizigo. Walipokaribia nyumba za mwanzo, mazungumzo yalikatika, kila mmoja akifikiria watapokelewaje. Sifaeli alitoka uani akawaona wote kwenye njia, mstari mrefu wa watu waliomshinda jana. Alisimama. Mtu wa mbele aliweka mkungu wa ndizi chini, akatoa pole. Wa pili akatoa pole.

Kisha Sifaeli akageuka kuelekea ndani. "Mama Ndekirwa!" alimwita mkewe kwa sauti iliyopasuka. "Toa viti! Kuna wageni!"

Viti havikutosha. Nakijwa na majirani walileta vya kwao, kisha mikeka, na waliobaki wakakaa kwenye nyasi. Moto ukawashwa. Kwa muda mrefu watu walizungumzia mvua tu, na bei ya tangawizi, na afya za wazazi. Mchana ulipokaribia, Chediel aliweka kikombe chini, akamuuliza Sifaeli, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo asilolijua kabisa:

"Kaka, na nyinyi wenyewe, mngependa kuhamia wapi?"

Sifaeli alimtazama. Akachukua kijiti cha kuni, akapangusa majani mbele ya miguu yake, akaanza kuchora ardhini. Watu wakasogea karibu waone.